Maswali ya Mgeni

(Mhadhara uliotolewa mbele ya walimu, wanafunzi na wazee wa mji, na kuchapishwa hapa kama ulivyosemwa)

  

Barua ya mwaliko ilinitaka niseme juu ya uhusiano wa mataifa. Nami kwa kuwa uhusiano wa mataifa ni kazi ya mabalozi, ambao wanalipwa vizuri kwa kuifanya, niliomba ruhusa nilipunguze jambo hilo mpaka litoshe kuingia katika nyumba ya mtu wa kawaida, niseme juu ya yale maswali madogo madogo ambayo watu wa nchi mbalimbali huulizana wanapokutana, wakiisha kumaliza habari za safari na kabla hawajawa marafiki: kwa nini mwaingia msalani na kopo la maji, kwa nini ninyi mwalala na mbwa, kwa nini saa zenu zimepinduka, kwa nini bibi mkongwe amwita mjukuu wake mume. Muradi wangu ni kuonyesha kwamba maswali haya, yajapokuwa ya kuchekesha, yana elimu ndani yake, na kwamba sehemu kubwa ya elimu hiyo haimwendei aliyeuliza, humwendea aliyeulizwa. Hoja zangu ni nne, wala sikuzitia katika mizani zikalingana.

Hoja ya kwanza: ndani ya kila swali mna kiti alichokalia muulizaji

Mtu haulizi juu ya jambo ambalo kwao lipo kama lilivyo kwa mwenziwe. Mwingereza hatakuuliza kwa nini unakunywa chai. Atakuuliza kwa nini unaichemsha pamoja na maziwa, kisha ukaitia iliki na tangawizi hata ikakaribia kuwa mchuzi. Mhindi wa Gujarat hatakuuliza hata hilo, kwa kuwa ndivyo alivyolelewa. Basi mgeni akikaa nyumbani kwako siku tatu bila ya kukutajia nchi yake, nawe ukayaandika maswali yake yote, jioni ya siku ya tatu utaweza kumwambia alikotoka, na yamkini pia kama alilelewa mjini au shamba, kwa sababu kila alipostaajabu alikuonyesha mpaka wa kwao.

Tutwae mfano wa saa, ambao hakuna mmoja wenu asiyeujua. Mzungu akija kwetu, kabla ya juma kwisha atauliza kwa nini saa zetu zimekwenda kombo kwa saa sita. Katika swali hilo mna yakini kubwa ambayo mwenyewe haioni, nayo ni kwamba siku huanza usiku wa manane, wakati ambapo hakuna kiumbe aonaye kitu chochote kinaanza. Sisi twahesabu kutoka jua linapochomoza, na likishakuchwa twaanza tena. Saa moja ya asubuhi ni saa ya kwanza ya mchana kwisha, na saa moja ya usiku vivyo hivyo. Hesabu hiyo yatufaa kwa sababu ya mahali tulipo: Unguja iko takriban digrii sita kusini ya ikweta, na tofauti baina ya mchana mrefu kupita yote na mchana mfupi kupita yote katika mwaka haitimii saa moja. Lakini mpelekee hesabu hii mtu wa London, ambaye mchana wake wa mwezi wa Juni hupita saa kumi na sita na ule wa Desemba hautimii nane, nawe utakuwa umempa kazi ya kuifukuza saa yake mwaka mzima kama mtu anayemfukuza kuku wa jirani. Kumbe saa yake haikupinda, wala yetu haikupinda. Kila mmoja ameifunga saa yake kwenye jua alilopewa. Mhabeshi akija hapa hatauliza neno, maana kwao pia saa ya kwanza hufuata kupambazuka. Na wazee wetu wanaposema usiku wa Ijumaa, wakikusudia ule unaofuata mchana wa Alhamisi, wanahesabu kwa hesabu nyingine tena, inayoanza siku kwa magharibi, ambayo ndiyo waliyokuwa wakiifuata Waturuki wa dola ya Osmania walipokuwa wakizirekebisha saa zao kila jua likituwa. Hivi tuko chumba kimoja, na miongoni mwetu siku ina milango mitatu.

Mfano wa pili hauchekeshi sana. Katika nchi za kaskazini ya Ulaya, yaani Denmark, Norway, Sweden na Finland, ni jambo la kawaida mama kumvika mtoto mchanga nguo nzito za sufu, akamlaza ndani ya kigari chake, kisha akakiacha kigari nje ya nyumba, mtoto apate usingizi wake wa mchana katika hewa baridi, hata wakati wa theluji. (Nawasikia kina mama wa upande wa kushoto wanavyoguna, na wana haki.) Mwanamke wa pwani, ambaye aghalabu hamtoi mtoto nje kabla ya kutimia arobaini, na akimtoa humfunika hata usoni asipate jicho wala upepo, akiyaona hayo hawezi kulizuia swali. Mama wa kule atamjibu kwamba mtoto hulala vizuri zaidi kwenye hewa safi kuliko ndani ya chumba kilichofungwa ili kuhifadhi joto, na kwamba mama yake na nyanya yake walilazwa vivyo hivyo. Ni jibu la mtu mwenye akili timamu na mapenzi na mwanawe. Lakini mwaka 1997, mjini New York, mama mmoja wa Kidenmark aliingia mkahawani pamoja na baba wa mtoto, wakamwacha mtoto wao wa miezi kumi na minne katika kigari, nje ya dirisha, kama ambavyo mama yule angefanya kwao Copenhagen. Polisi wakaitwa, wazazi wakakamatwa, na mtoto akachukuliwa kwao kwa siku kadhaa kabla ya kurejeshwa kwa mama yake. Wenyeji wa New York walikuwa na swali zuri sana la kuuliza siku ile. Bahati mbaya hawakuliuliza kwa midomo yao, waliliuliza kwa pingu.

Hoja ya pili: mwenye kupona ni mwenyeji

Wahenga wamesema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii tumezoea kuifasiri kwa kuku: mgeni amefika, kuku amechinjwa, na watoto wa nyumbani ambao tangu mwezi jana hawajaonja kitoweo wamepata mapaja. Sina ugomvi na tafsiri hiyo, kwani mimi mwenyewe nililelewa nayo. Nasema tu kwamba kuna maradhi mengine ambayo mgeni humponya mwenyeji wake, nayo ni kutokuiona nyumba yake kwa sababu ya kuizoea.

Nilifundisha Kiswahili miaka thelathini. Siku moja alikuja kwangu Mreno mmoja aliyetaka kujifunza, akaniomba nimfundishe siku za juma. Wareno nao huzihesabu siku zao: Jumatatu kwao ni ya pili na Ijumaa ni ya sita, kwa hiyo alifurahi kusikia kwamba sisi tu wahesabuji kama wao. Nikamweleza, kwa ule wepesi wa mtu asemaye jambo ambalo amelisema mara elfu, kwamba Jumamosi ni ya mosi baada ya Ijumaa, Jumapili ya pili, na hivyo hata kufikia Jumatano, ambayo ni ya tano. Akaniuliza, na Alhamisi? Nikamwambia hilo ni neno la Kiarabu. Lina maana gani kwa Kiarabu? Hapo ulimi ulinikwama, kwa sababu kwa Kiarabu nalo lina maana ya tano.

Mabibi na mabwana, mimi nilikuwa na mvi wakati ule. Nilikuwa nimeishi juma kwa juma, toka utotoni, ndani ya wiki yenye siku mbili za tano, zilizofuatana kama pacha, na isiyo na ya sita, wala sikupata hata mara moja kulitambua jambo hilo. Nilimwomba Mreno wangu aje kesho, nami usiku ule nikakaa nikalifikiri. Waarabu huanza hesabu yao kwa siku ya Ahad, ambayo ni Jumapili yetu, kwa hiyo Khamisi inaangukia ya tano barabara. Sisi tumeanza hesabu kwa siku inayofuata Ijumaa, kwa hiyo ya tano yetu imetangulia yao kwa siku moja. Hesabu mbili zikakutana katika kinywa kimoja, moja ya Kibantu na moja ya Kiarabu, wala hapakutokea kadhi wa kuzipatanisha. Nami nadhani, na dhana hii ni yangu, kwamba Alhamisi na Ijumaa zilibaki na majina yao ya Kiarabu kwa sababu ya heshima ya sala, moja ikiwa ni siku ya kujitayarisha na nyingine siku yenyewe. Asubuhi nilikuwa na jibu la kumpa. Swali lilikuwa lake, walakini faida niliila mimi.

Na jambo hili si la leo. Mwaka 1331 alipita katika pwani yetu msafiri Ibn Battuta, mtu wa Tanja katika nchi ya Moroko, akaona mambo ambayo hakuna mzee wetu hata mmoja wa zama zile ambaye angepoteza wino kuyaandika. Mogadishu alistaajabia wali uliopikwa kwa samli, na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na achari za ndimu na pilipili, pamoja na tangawizi mbichi na embe. Mombasa alitazama jinsi watu walivyokuwa wakienda miguu mitupu, na jinsi mwenye kutaka kuingia msikitini alivyoosha miguu yake mlangoni kwanza. Mwenye mji angeandika nini juu ya kuosha miguu? Ni sawa na kuandika kwamba leo nimepumua. Hivyo tunayo orodha ya masultani wa Kilwa kutoka kwa wenyeji, na habari ya achari kutoka kwa mgeni. Nami, Mwenyezi Mungu anisamehe, nikichagulishwa moja ya mbili hizo nitaichukua achari.

Hata kitabu ambacho sisi wenyewe hukirejea tunapotaka kujua mambo ya kale ya Mrima, yaani Desturi za Wasuaheli, kilichapishwa Göttingen mwaka 1903 kwa sababu Mdachi mmoja, Carl Velten, aliyekuwa mkalimani wa serikali mjini Dar es Salaam na baadaye mwalimu wa Kiswahili Berlin, alikuwa na hamu ya kujua, na mwenyeji mmoja, Mtoro bin Mwinyi Bakari, akakubali kuandika. Kila mlango wa kitabu hicho, wa uzazi, wa harusi, wa ngoma, wa maziko, nikiusoma nasikia nyuma yake sauti ya mtu anayeuliza: na ninyi, hufanyaje? Velten alirudi kwao na kitabu. Lakini aliyeketi akayapanga mambo ya kwao moja baada ya moja, ambayo hapo kabla alikuwa akiyatenda tu, ni Mtoro.

Hoja ya tatu: kuna swali lenye wembe

Nisije nikadhaniwa kwamba nayasifu maswali yote. Kuna swali ambalo muulizaji ameshajijibu kabla ya kufungua kinywa, naye hataki kujua, anataka kuhukumu; nami nitawatolea mfano wa mkosaji ninayemjua kuliko wote, ambaye ni mimi mwenyewe.

Nilipokuwa kijana nilipelekwa kusoma Uingereza, katika mji mmoja wa kaskazini, nikapanga chumba kwa bibi mmoja mjane. Bibi yule alikuwa mwema. Baada ya siku chache aliniuliza, akiwa ameona haya mpaka masikio yamewiva, kwa nini kila nikienda msalani ninachukua jagi lake la maji. Nilimweleza habari ya tohara na usafi, akanisikiliza kwa makini, na kesho yake nilikuta kopo jipya la bati limewekwa kule, la kwangu peke yangu. Swali lake lilikuwa jambo la aibu kwake, aliuliza kwa sababu alitaka kujua, na alipojua alitenda.

Sasa sikilizeni langu. Bibi yule alikuwa na mbwa aliyelala kitandani kwake, miguuni, juu ya mfarishi. Kwetu sisi watu wa madhehebu ya Shafi, mbwa akilamba chombo twakiosha mara saba, moja kwa udongo. Basi fikirini nilivyokuwa nikitazama. Na mama yake mzazi, ajuza wa miaka themanini na kitu, alikuwa katika nyumba ya kutunzia wazee upande wa pili wa mji. Jioni moja tukinywa chai nilimwuliza, kwa sauti laini ya mtu aliyejiona mwerevu: Bibi, kwa nini mbwa amelala nyumbani na mama amelala nje? Alikiweka kikombe chini. Akanijibu kwamba mama yake alichagua mwenyewe kwenda kule, alikataa katakata kupandishwa ngazi kama mtoto, na kwamba yeye humwendea kila Jumapili na kila Jumatano, kwa miguu. Kisha akaniuliza, bila ya hasira: na wewe, mama yako umemwona mara ya mwisho lini? Ilikuwa mwaka wa tatu. Na barua yangu ya mwisho kwake ilikuwa na miezi minne. Chai ilipoa pale mezani, nami nikajifunza kwamba swali langu halikuwa na alama ya kuuliza mwisho wake, lilikuwa na kidole.

Vipi basi tutalitambua swali la namna hii? Kwa maneno yake hatutalitambua, kwa maana maneno yale yale ni tusi huku na ni heshima kule. Kumwuliza Mzungu umri wake siku ya kwanza ni utovu wa adabu. Mkorea asipokuuliza hajui namna ya kusema nawe, maana lugha yake humtaka ajue nani mkubwa na nani mdogo kabla ya kuchagua kitenzi. Wachina wana salamu ya kumwuliza mtu kama amekula, na kijana mmoja wa kwetu, aliyekwenda Guangzhou kununua bidhaa, ameniambia kwamba siku za mwanzo kila alipoulizwa hivyo alijibu bado, kisha akasubiri sahani. Haikuja. Alama ya swali la hukumu, kwa jinsi nionavyo mimi, ni moja: muulizaji hana nafasi ya kuliweka jibu. Mtoro bin Mwinyi Bakari, niliyemtaja, aliwajibu Wadachi maswali yao yote kwa uaminifu mpaka pakawa na kitabu, akafundisha Berlin, akaoa huko mwanamke wa Kidachi, na mwaka 1905 walipofika kwa meli bandarini Dar es Salaam, serikali ile ile iliyokuwa na hamu ya kujua jinsi Mswahili anavyooa iliwakatalia kushuka pamoja, wakarejea Ulaya. Hamu ya kujua ilikuwepo. Nafasi ya kuliweka jibu haikuwepo.

Hoja ya nne: kujibu nako kuna adabu yake

Hapa nitapita upesi. Mwenye kuulizwa ana hatari mbili. Ya kwanza ni kujibu kwa niaba ya umma: sisi Waafrika twafanya hivi. Mwafrika yupi? Nilipata kumsikia kijana wa kwetu akiwaambia Wazungu kwamba Waafrika hula kwa mkono wa kulia wakiwa wamekaa mkekani, ilhali kando yake amekaa rafiki yake wa Kigali akitumia uma kwa ustadi kuliko wenyeji. Ingemtosha kusema: nyumbani kwa mama yangu twafanya hivi.

Ya pili ni kuona haya, ukamtengenezea mgeni sababu ya kitaalamu ambayo hukuwa nayo kabla hajauliza. Mgeni huuliza mathali kwa nini mtu wa kwetu ukimwuliza habari za nyumbani hujibu nzuri, halafu hapo hapo akakuambia kwamba amefiwa. Aona kama uwongo. Jibu la kweli ni kwamba nzuri ile si taarifa; ni mlango unaofunguliwa, na habari yenyewe huingia baadaye ikishavua viatu. Vivyo hivyo bibi anayemwita mjukuu wake mume wangu, akadai mahari na kumlalamikia mke mwenziwe: huo ni utani, una kanuni zake, na ukimwambia mgeni kwamba ni utani akacheka pamoja nanyi, umemjibu kuliko aliyemtajia vitabu.

Bwana Mwenyekiti, nina ombi moja kisha nishuke. Ningependa kila skuli ya mji huu iwe na daftari, kubwa, la jalada gumu, ambamo kurasa mbili zinazotazamana zitakuwa na kazi mbili: upande mmoja wanafunzi waandike swali walilosikia limeulizwa na mgeni, bila ya kulisahihisha wala kulicheka, upande wa pili waandike jibu la mzee mmoja wa mtaa, kwa maneno yake mwenyewe, na wazee wakikhitalifiana, majibu yote mawili yaandikwe. Na vijana wetu walioko Maskati na Dubai, Toronto na Guangzhou, waandikiwe barua watuletee maswali wanayoulizwa huko, na hususan yale ambayo wao wametamani kuuliza wakaona haya. Mwakani, Inshallah, tukutane hapa hapa tuyasome. Wala mwakani msimwalike mtu kama mimi, mwalikeni mwanafunzi aje na daftari lake.

Daftari la kwanza nimelinunua mwenyewe, lipo mezani kwa Katibu, na lina swali moja tayari. Leo nilipita hapa asubuhi kutazama kama viti vimepangwa, nikamkuta mgeni mmoja amesimama peke yake mbele ya mlango uliofungwa, akilitazama tangazo letu, kisha akaitazama saa yake. Ilikuwa saa nne kamili. Akaniuliza kwa nini mkutano wa saa kumi hauna watu. Nilimwambia arudi jua likishapinda, nami nitamweleza. Namwona ameketi kule nyuma, karibu na dirisha, na mkono ameshauinua.